Askofu Josiah Kibira: Ndugu Katika Kristo Siku za Hofu

Kanisa la Azania Front, lililoanza kujengwa mwaka 1898 na kukamilika mwaka 1902, linatazama bandari ya Dar es Salaam upande wa Kivukoni. Wengi wa watu walioabudu ndani yake na katika sharika zilizo karibu, hadi Kariakoo, hawakuzaliwa katika mji huu. Walifika kwa meli, kwa gari moshi, kwa basi au kwa miguu, wakitafuta kazi, elimu au soko. Waliacha nyuma ukoo, makaburi ya wazee na mashamba ya nyumbani. Kwa watu wa namna hiyo, habari za maisha ya Marehemu Askofu Josiah Kibira zina maana ya pekee, kwa kuwa swali aliloshughulika nalo maisha yake yote ndilo swali la mji huu: mtu anayeishi katika siku za hofu, mbali na wale aliozoea kuwategemea, ndugu zake ni akina nani?

Kwa mtazamo wa kwanza Bukoba, alikozaliwa Kibira, iko mbali sana na Kivukoni. Hata hivyo Walutheri wa sehemu hizi mbili ni matawi ya shina moja. Shirika la misheni lililoundwa mjini Berlin mwaka 1886 kwa ajili ya Afrika Mashariki lilianza kazi Dar es Salaam mwaka 1887. Mwaka 1891 liliingia Usambara. Mwaka 1903 kazi ya Uzaramo ilikabidhiwa kwa shirika jingine, Misheni ya Berlin, na lile la kwanza likahamishia makao yake Bethel mwaka 1906. Kutoka huko wamisionari wake walikwenda Rwanda mwaka 1907, na mwaka 1910 wakafika Bukoba.

Walipofika Bukoba walikuta Injili imekwisha kuwatangulia. Wapo Wahaya waliokuwa wameisikia kutoka Uganda, wakajifunza kusoma na kuanza kukutana kwa maombi kabla hawajawa na mchungaji wa kwao. Jambo hilo ni la kukumbukwa na kila anayetaka kumwelewa Kibira. Katika nchi yake Neno la Mungu lilitoka kaskazini, kwa majirani wa Uganda. Miaka zaidi ya 60 baadaye, kutoka upande huo huo wa kaskazini, vilikuja vifaru na mabomu.

Malezi na wito

Josiah Mutabuzi Isaya Kibira alizaliwa tarehe 28 Agosti 1925, kando ya Ziwa Viktoria upande wa magharibi. Alikua katika kanisa lililokwisha kujifunza kuishi bila uhakika. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza wamisionari wa Kijerumani waliondolewa, na Wakristo wenyeji wakaendelea kukusanyika. Baadaye walikuja Wamethodisti, nao wakaondoka. Wajerumani walirudi, kisha Vita Kuu ya Pili ikawaondoa tena, na ndugu wa Kanisa la Sweden wakachukua nafasi yao. Miongoni mwa hao Waswidi alikuwamo Bengt Sundkler, mtaalamu wa historia ya Kanisa katika Afrika, ambaye mwaka 1961 alikuwa askofu wa kwanza wa kanisa hilo la Buhaya. Mtoto aliyekulia katika hali hiyo aliona tangu mapema kwamba walezi huja na kwenda, na kwamba Kanisa hudumu kwa sababu Bwana wake hawaachi watu wake.

Kibira alifanya kazi ya ualimu. Katika miaka ya 1940 aliguswa na Uamsho wa Afrika Mashariki, ule ulioanza Rwanda na Uganda na ambao wafuasi wake waliitwa Balokole, yaani waliookoka. Uamsho huo ulienea kwa njia rahisi. Watu walikutana, wakaungama dhambi zao kwa uwazi mbele ya wenzao, wakasameheana, wakaimba Tukutendereza, wakarudi makwao na kulipa madeni na kurudisha vitu walivyoiba. Wengine katika Kanisa waliwaona kuwa wasumbufu na wenye kiburi cha kiroho, na ni kweli kwamba uamsho ulileta pia mifarakano. Kibira alidumu katika ushirika huo maisha yake yote, na wakati huo huo alidumu katika Kanisa la Kilutheri na kulitumikia.

Alisomea theolojia huko Bethel, Ujerumani, akabarikiwa kuwa mchungaji, kisha akaendelea na masomo katika Chuo Kikuu cha Boston, Marekani. Mwaka 1963 makanisa ya Kilutheri ya Tanganyika yaliungana kuwa kanisa moja, ambalo leo ni Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, KKKT. Mwaka 1964 Kibira, akiwa na umri wa miaka 39 hivi, aliwekwa wakfu kuwa askofu katika nafasi ya Sundkler. Alikuwa Mwafrika wa kwanza kushika uaskofu wa Kilutheri huko Bukoba, katika dayosisi inayojulikana kwa jina la Dayosisi ya Kaskazini Magharibi.

Ukoo mpya

Miaka ya uaskofu wake ilikuwa miaka ya mabadiliko makubwa nchini. Azimio la Arusha lilitangazwa mwaka 1967. Muda si mrefu baadaye shule nyingi zilizojengwa na makanisa ziliwekwa chini ya Serikali. Katika miaka ya 1970 mamilioni ya wananchi walihamia katika vijiji vya ujamaa, wengine kwa hiari na wengine kwa kulazimishwa. Mchungaji aliyezoea kulihesabu Kanisa kwa shule zake na majengo yake aliweza kudhani kwamba Kanisa linapungua. Kibira alielekeza macho ya watu mahali pengine.

Fikira zake alizieleza katika kitabu alichokiandika kwa Kiingereza kuhusu Kanisa, ukoo na ulimwengu, kilichotolewa mwaka 1974. Alijua vizuri nguvu ya ukoo katika Buhaya. Ukoo humpa mtu jina, shamba, mchumba, mtetezi barazani na wazishi siku ya kufa. Mtu asiye na ukoo ni kama mti usio na mizizi. Kibira hakuudharau ukoo, wala hakuwataka Wakristo waukane. Alichokiona ni kwamba katika Uamsho neno la Kihaya na Kiganda oluganda, lenye maana ya undugu wa damu, lilikuwa limepata upana mpya. Watu wa koo mbalimbali, matajiri na maskini, watu wa jamaa za watawala na watu wa kawaida, walianza kuitana ndugu kwa sababu ya damu ya Kristo, na kutendeana kama ndugu katika ugonjwa, katika msiba na katika njaa.

Hapo ndipo alipoona chimbuko la amani ya Mkristo. Hofu humtenga mtu na wenzake. Mwenye hofu hufunga mlango, huficha chakula, humshuku jirani na kumlaumu mgeni. Injili, kwa jinsi Uamsho ulivyomfundisha Kibira, humtoa mtu nje kwanza kwa kuungama. Mtu aliyekwisha kusema dhambi yake mbele ya ndugu zake na kusamehewa hana tena siri ya kuilinda. Amani inayopatikana hapo huweza kukaa pamoja na machozi, kwa kuwa haikutegemea tangu mwanzo kwamba mambo yatakuwa mazuri.

Dar es Salaam, Juni 1977

Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani liliundwa mjini Lund, Sweden, mwaka 1947. Mikutano yake mikuu iliyofuata ilifanyika Ulaya na Marekani. Ule wa mwaka 1970 ulikuwa umepangwa kufanyika Porto Alegre, Brazil, lakini kwa sababu ya utawala wa kijeshi na malalamiko ya haki za binadamu katika nchi hiyo ulihamishiwa Evian, Ufaransa, muda ukiwa umebaki mfupi sana. Mkutano Mkuu wa Sita ulikuja Dar es Salaam mwezi Juni 1977, na ukawa wa kwanza kufanyika katika bara la Afrika. Wajumbe walikutana katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani. Neno kuu la mkutano lilihusu jumuiya mpya katika Kristo, na kwa yeyote aliyezifahamu fikira za Kibira, neno hilo lilikuwa jirani sana na mafundisho yake.

Mwaka ule haukuwa mwepesi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa inavunjika, na mpaka wa Tanzania na Kenya ulikuwa umefungwa. Nchini Uganda, tarehe 16 Februari 1977, Askofu Mkuu Janani Luwum wa Kanisa la Kianglikana aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin. Askofu Festo Kivengere, mhubiri wa Uamsho aliyewahi kufundisha Dodoma, alilazimika kuikimbia nchi yake. Kusini mwa Afrika serikali ya ubaguzi wa rangi iliendelea kutawala kwa mabavu, na mwaka uliotangulia watoto wa shule walikuwa wamepigwa risasi huko Soweto.

Katika mkutano huo Kibira alichaguliwa kuwa Rais wa Fungamano, akipokea nafasi hiyo kutoka kwa Mikko Juva wa Finland. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Mwafrika kuchaguliwa. Kwa Walutheri wa mji huu, ambao babu zao waliletewa Injili na wageni kutoka Ulaya, ilikuwa ishara kubwa. Itakumbukwa pia kwamba wakati huo Askofu Mkuu wa Kanisa Katoliki jijini alikuwa Kardinali Laurean Rugambwa, naye mwana wa Buhaya, ambaye kanisa lake kuu la Mtakatifu Yosefu liko jirani tu na Azania Front, likitazama bandari ile ile.

Uchaguzi huo ulikuja pamoja na mzigo. Mkutano wa Dar es Salaam ulitamka kwamba ubaguzi wa rangi unagusa ukiri wa imani yenyewe, na kwamba makanisa yanapaswa kuukataa waziwazi. Sababu yake iko karibu sana na ile hoja ya ukoo mpya. Kama Wakristo ni ndugu katika Kristo, basi kumzuia ndugu asikaribie Meza ya Bwana kwa sababu ya rangi yake ni kuukana undugu huo, na kwa hiyo ni kumkana Kristo mwenyewe aliyeuumba. Hapo amani ya Kikristo ilitofautishwa na utulivu wa wale wasiotaka kusumbuliwa. Kibira, aliyekuwa mtu wa Uamsho na mwenye kuthamini toba ya moyo, aliongoza Fungamano kwa miaka saba likiishi na matokeo ya uamuzi huo.

Alifundisha pia jambo jingine lililobaki katika kumbukumbu za Walutheri duniani: kwamba hakuna kanisa lililo maskini kiasi cha kukosa kitu cha kutoa, wala kanisa lililo tajiri kiasi cha kutohitaji kupokea. Fundisho hilo liliyaondolea makanisa ya Afrika aibu ya kuwa ombaomba, na liliyaondolea makanisa ya Ulaya kiburi cha kuwa wafadhili tu.

Vita mlangoni

Mwaka mmoja na miezi michache baada ya mkutano wa Dar es Salaam, vita vilifika nyumbani kwake. Mwezi Oktoba 1978 ndege za Uganda zilidondosha mabomu Bukoba, na mwishoni mwa mwezi huo majeshi ya Amin yakavamia nchi iliyo kaskazini ya Mto Kagera. Watu waliuawa, nyumba zikachomwa, ng'ombe wakaporwa, na maelfu ya wananchi wakakimbilia kusini. Tarehe 3 Novemba daraja la Kyaka lilibomolewa. Majeshi ya Tanzania yaliwafukuza wavamizi, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilianguka.

Rais wa Fungamano, aliyetakiwa kushughulikia shida za makanisa ya dunia nzima, alikuwa sasa askofu wa watu waliofukuzwa makwao kwa risasi. Wachungaji na wainjilisti wa dayosisi yake walikuwa pamoja na wakimbizi hao. Tena adui alikuwa ametokea katika nchi ile iliyowaletea Wahaya Injili, na ambako ndugu wengi wa Uamsho walikuwa wakiteswa na mtawala huyo huyo. Kwa ushirika wa Balokole, uliokuwa na watu wake pande zote mbili za mpaka, Mganda hakuweza kugeuzwa kuwa jina la adui. Hili ndilo lililokuwa jaribu la mafundisho ya oluganda. Ni rahisi kumwita mtu ndugu wakati wa kuimba. Ni vigumu zaidi wakati moshi unapanda kutoka shambani kwako. Nchi hiyo hiyo ya Kagera ilikuwa imepokea wakimbizi kutoka Uganda kabla ya vita, na ilibidi iendelee kuwapokea.

Dar es Salaam nayo ilionja uchungu wa vita hivyo. Familia za Kariakoo, Ilala na Magomeni ziliwaaga vijana wao, na si wote waliorudi. Baada ya ushindi Mwalimu Nyerere aliwaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Hali ngumu ilizidi miezi hiyo kwa mbali. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 sukari, sabuni, unga na vitenge vilitafutwa kwa foleni, na soko kubwa la Kariakoo, lililofunguliwa mwaka 1975, lilikuwa na siku ambazo meza nyingi zilikaa tupu. Mwaka 1983 ikaja kampeni dhidi ya wahujumu uchumi. Mwaka huo huo, huko Kagera, wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa, na watu wa dayosisi ya Kibira wakaanza kuzika vijana wao kwa maradhi ambayo hayakuwa na dawa wala maelezo.

Siku za udhaifu

Katika miaka hiyo ya mwisho ya utumishi wake Kibira mwenyewe aliugua maradhi ya Parkinson, yanayotetemesha mwili na kupunguza nguvu za kutembea na kusema. Kwa mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuhubiri, kusafiri na kuongoza vikao, huo ulikuwa msalaba mzito. Pamoja na hayo muda wake wa urais ulifika mwisho katika Mkutano Mkuu wa Saba, uliofanyika Budapest, Hungary, mwaka 1984. Ulikuwa mkutano wa kwanza wa Fungamano katika nchi iliyokuwa chini ya utawala wa kikomunisti, na neno lake kuu lilimtaja Kristo kuwa tumaini la ulimwengu. Hapo ndipo uanachama wa makanisa mawili ya wazungu ya kusini mwa Afrika uliposimamishwa, kwa sababu hayakuwa yameukataa ubaguzi wa rangi kwa uwazi uliotakiwa tangu Dar es Salaam. Uamuzi huo uliwaumiza wengi, nao ulifanywa ili mlango wa toba ubaki wazi. Baadaye makanisa hayo yalirudishwa katika ushirika.

Hivyo urais wa Kibira ulianza chini ya neno la jumuiya mpya na kumalizika chini ya neno la tumaini. Mpangilio huo unafaa kutafakariwa. Tumaini la Kikristo mara nyingi hutafutwa na mtu mmoja mmoja katika chumba chake, naye hushangaa akilikosa. Maisha ya askofu huyu yanaonyesha kwamba tumaini hulelewa na jumuiya. Wanafunzi waliopigwa na dhoruba baharini walikuwa katika chombo kimoja, na Bwana alikuwa pamoja nao wote, hata alipokuwa amelala. Mtu asiye na nguvu ya kuomba hubebwa na maombi ya wenzake mpaka sauti yake imrudie.

Askofu Kibira alistaafu katikati ya miaka ya 1980, na nafasi yake ikachukuliwa na Askofu Samson Mushemba, ambaye baadaye alikuwa Mkuu wa KKKT. Aliitwa na Bwana tarehe 18 Julai 1988, akiwa karibu kutimiza miaka 63. Miezi miwili kamili kabla yake, tarehe 18 Mei mwaka huo huo, alikuwa amefariki Askofu Festo Kivengere, ndugu yake katika Uamsho. Mmoja alikuwa Mtanzania wa Kilutheri, mwingine Mganda wa Kianglikana. Nchi zao zilikuwa zimepigana vita, lakini ushirika uliowalea haukukatika.

Usharika unaoadhimisha miaka mia una mengi ya kuhesabu: majengo, kwaya, wachungaji waliopita, matoleo. Maisha ya Kibira yanaongeza hesabu moja zaidi. Katika mji huu, ambako kila Jumapili wageni huketi katika viti vya kanisa wasimjue mtu hata mmoja, kipimo cha Kanisa ni kama mgeni huyo akiondoka anafahamu mlango wa kubisha siku atakapougua, atakapofiwa au atakapokosa unga. Pale ambapo mlango huo upo, jumuiya mpya iliyotajwa Mlimani mwaka 1977 ingali inaishi, na amani ya Kristo ina mahali pa kukaa.